PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE: JUU YA SENSA YA HEWA YA MOTOKAA

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa idara ya njia ya reli katika mkutano wa tawi, Gilgil



Kamati imeniagiza niseme juu ya jambo ambalo halimo katika mkataba wetu wa kazi, lakini linakula mishahara yetu. Jambo lenyewe ni motokaa. Siku hizi wanachama wengi wana gari ndogo, ama ya mtu mmoja, ama ya watu watatu au wanne waliochanga. Wengi wamezinunua kwa mkopo wa chama cha akiba. Gari hizo hubeba abiria kwenda Nakuru na Naivasha, huchukua maziwa na viazi, na usiku hupeleka wagonjwa hospitali. Gari ikilala gereji wiki mbili, mkopo haulali. Makato yanaendelea kama kawaida.

Katika magonjwa yote ya gari hizi nimechagua moja tu, nalo ni la sensa ya hewa, ambayo mafundi wetu huiita eaflo. Nimelichagua kwa sababu sensa hii husingiziwa mno. Gari ikikosa nguvu, fundi aliyeshindwa husema, "Ni eaflo, leta pesa." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine si kweli, na mfanya kazi hulipa bure. Shabaha yangu leo ni kila mmoja atoke hapa akijua kupima kabla ya kununua.

Sisi wa njia ya reli tunaijua sheria hii. Tukiona reli imezama mahali, hatukimbilii kubadili chuma. Kwanza tunatazama mataruma, tunatazama kokoto chini yake, tunatazama maji yanapita wapi. Mara nyingi chuma ni kizima, kosa ni maji. Na motokaa ni vivyo hivyo.

KAZI YA SENSA HII

Zamani motokaa zilikuwa na kabureta. Hewa ilipopita ndani yake ilivuta petroli yenyewe, na fundi alirekebisha kwa bisibisi na kwa sikio lake. Gari za sasa zina kompyuta ndogo, nayo ndiyo inayoamuru injekta zimwage petroli kiasi gani. Petroli haiungui vizuri ila kwa kipimo: gramu moja ya petroli yataka kadiri ya gramu 14.7 za hewa. Petroli ikipungua, injini hukosa nguvu na kukatakata. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na pesa hutoka kwa bomba la moshi.

Basi kompyuta haina budi kujua hewa inayoingia ina uzito gani. Gari nyingine hukisia uzito huo kwa kupima mgandamizo wa hewa karibu na injini, nazo hazina sensa ninayoisema. Lakini Probox nyingi tunazoziona hapa barabarani, zenye injini ya Toyota 1NZ-FE ya sisi 1500, zinayo. Hukaa kwenye njia ya hewa, baada ya chujio na kabla ya throtoli.

Ndani yake mna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na sensa huongeza umeme ili waya ubaki na joto lake. Fikirini mlinzi wa usiku kando ya jiko lake. Upepo ukizidi, huongeza makaa apate joto lile lile. Asubuhi ukihesabu makaa aliyotumia, utajua upepo ulikuwa mkali kiasi gani. Kompyuta nayo huhesabu umeme uliotumiwa, ikajua hewa iliyopita ni gramu ngapi kwa sekunde. Namna hii ya waya wa moto ilianza kuenea katika miaka ya 1980. Kabla yake kulikuwa na kibao kilichosukumwa na upepo.

GILGIL SI MOMBASA

Ndugu zangu, mambo mawili ya mahali petu lazima tuyajue.

La kwanza ni kimo. Gilgil iko kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Madereva wetu wa injini za dizeli wanalijua jambo hili, maana kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700, injini huvuta pumzi kwa shida. Kwa hiyo ukikanyaga mafuta mpaka mwisho hapa Gilgil, sensa nzima kabisa itasoma gramu chache kuliko zile zilizoandikwa katika kitabu kwa nchi za chini. Fundi asiyejua hili ataihukumu sensa isiyo na hatia. Lakini injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, gramu hazipungui hivyo, kwa sababu uzito wa hewa unaotakiwa kuizungusha injini ni karibu ule ule. Kompyuta hufungua mlango wa throtoli zaidi kidogo, basi.

La pili ni vumbi. Tazameni udongo mweupe wa Kariandusi. Ni masalia ya mimea midogo sana ya majini iliyoishi katika ziwa la kale, nao huchimbwa na kuuzwa kwa sababu ya wepesi na ulaini wake, hata viwanda huutumia kuchuja vinywaji. Udongo unaowachujia wengine ndio huo huo unaoziba chujio zetu. Chujio likichanika, au likiwa la bei rahisi lisilokaa sawa katika boksi lake, vumbi hupita pembeni na kuushika ule waya. Waya uliovaa koti la vumbi haupozwi sawasawa na upepo. Sensa huripoti hewa kidogo kuliko ile iliyopita, na kompyuta humwaga petroli kidogo. Hapo gari hushindwa kupanda kutoka Kikopey ikiwa na abiria watano, na dereva hudhani injini imekwisha.

DALILI

Dalili za sensa mbovu ni hizi: taa ya injini kuwaka, injini kuwaka kwa taabu au kuzimika ukiachia mafuta, kukosa nguvu mlimani, kusitasita unapokanyaga, kunywa mafuta mengi, na moshi mweusi ikiwa sensa inaripoti hewa nyingi kuliko iliyopo.

Lakini angalieni sana. Hakuna hata dalili moja katika hizo ambayo ni ya sensa peke yake. Bomba lililopasuka huleta hizo. Pampu ya petroli iliyochoka huleta hizo. Plagi zilizokwisha, throtoli chafu, hata chujio lililoziba, vyote huleta baadhi ya hizo. Ndiyo maana mtu hawezi kusimama mita tatu kutoka kwenye gari, mikono mfukoni, akasema ni eaflo.

NAMNA YA KUPIMA

Fuateni mpango huu, kwa maana umeanza na vitu visivyo na gharama.

1. Macho na mikono. Fungua boksi la chujio. Tazama kama chujio ni zima, limekaa sawa, na klipu zote zimefunga. Kisha shika bomba la mpira liendalo kwenye throtoli, ulikunje kwa mkono. Ufa hujificha ndani ya mikunjo na chini ya klipu. Fuata pia vibomba vidogo vya mpira vinavyoingia kwenye injini. Hewa inayoingia kwa ufa baada ya sensa haihesabiwi, ni kama abiria aliyepanda bila tiketi. Sensa imesema kweli, lakini hesabu haitimii.

2. Waya. Chomoa soketi ya sensa gari ikiwa imezimwa. Tazama kama pini zina kutu, zimepinda, au waya umeliwa na panya. Kisha washa swichi bila kuwasha injini, upime kwa mita ya umeme kwenye soketi. Waya mmoja lazima uwe na umeme wa betri, kadiri ya volti 12. Waya wa ardhi lazima uwe mzuri. Umeme usipofika, tafuta fyuzi na waya, usinunue sensa. Tumia mita, usitumie taa ya balbu kupimia, kwa maana balbu huvuta umeme mwingi na yaweza kuharibu kompyuta.

3. Kodi. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani ambacho husomeka kwa simu. Kodi P0100 mpaka P0104 zahusu sensa ya hewa na nyaya zake. P0102 ni kwamba habari inayotoka ni ya chini mno, mara nyingi waya umekatika au soketi haijashika. P0103 ni habari iliyo juu mno. P0101 ni kwamba habari hailingani na mambo mengine ya injini. Na P0171 ni kwamba petroli ni kidogo kuliko hewa, lakini haikutaja mwenye kosa. Kodi ni kama barua ya mashtaka, si hukumu. Ziandikeni kwenye karatasi kabla ya kuzifuta.

4. Masahihisho ya petroli. Hapa ndipo penye ufunguo. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi huiambia kompyuta kama petroli ilitosha. Kompyuta nayo husahihisha kwa asilimia. Ikiongeza petroli, huandikwa jumlisha. Ikipunguza, huandikwa toa. Kifaa kile cha simu huonyesha asilimia hizo, za muda mfupi na za muda mrefu. Zijumlisheni pamoja. Injini ikiwa moto, soma ikinguruma bila kukanyagwa, kisha ishike mizunguko 2,500 kwa dakika, usome tena, na mwisho soma ikipanda mlima.

Ikiwa masahihisho ni makubwa, tuseme jumlisha 20, injini isipokanyagwa, kisha yanashuka karibu na sifuri ukikanyaga, basi hiyo ni hewa inayoibiwa kwa ufa. Ufa mdogo ni mkubwa injini ikivuta kidogo, lakini huwa si kitu injini ikivuta sana. Ikiwa kinyume chake, yaani masahihisho ni madogo mwanzo na yanapanda kadiri unavyokanyaga na kupanda mlima, hapo sensa ya hewa imeshukiwa kwa haki, pamoja na pampu ya petroli na chujio la petroli. Ikiwa ni toa kubwa kila mahali pamoja na moshi mweusi, huenda sensa inaripoti hewa isiyokuwapo, au injekta zinavuja.

5. Gramu zenyewe. Injini ya sisi 1500 iliyopata moto, taa na feni zimezimwa, isipokanyagwa husoma kadiri ya gramu 2 mpaka 3 kwa sekunde. Ukikanyaga, hesabu ipande upesi na kwa ulaini, bila kuruka wala kuanguka sifuri. Wakati inanguruma, gonga sensa polepole kwa mpini wa bisibisi na utikise waya wake. Injini ikishtuka, umepata mahali pa kutafuta. Mlimani wawe watu wawili, mmoja aendeshe na mwingine asome. Dereva asishike simu.

6. Jaribio la kuchomoa. Zima gari, chomoa soketi, uwashe tena. Katika gari nyingi kompyuta ikikosa sensa hutumia hesabu ya akiba, na gari hukubali kwenda ingawa haina nguvu kamili. Injini ikitulia kuliko kabla hujachomoa, shaka juu ya sensa imeongezeka. Lakini jaribio hili peke yake halitoshi kumtoa mtu pesa.

MIFANO MIWILI

Mwenzetu mmoja wa kitengo cha mizigo alipeleka gari gereji ambayo sitaitaja. Hakupimiwa kitu. Aliuziwa sensa, gari ikabaki vile vile. Akaambiwa ni throtoli, akauziwa throtoli iliyotumika. Gari ikabaki vile vile. Alikuwa amekwisha kuchukua mkopo wa pili juu ya ule wa kununulia gari, na kwa miezi mitatu hati yake ya mshahara ilibaki na fedha zisizofika karo ya mtoto. Tulipoipima jioni moja nyuma ya nyumba za wafanya kazi, masahihisho yalikuwa jumlisha 23 bila kukanyaga, na jumlisha 3 kwenye mizunguko 2,500. Tukakunja bomba la mpira, tukaona ufa wa urefu wa kidole chini ya klipu. Bomba jipya lilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya sensa ile. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu alijengewa kuta mbili na ufa ungali wazi.

Wa pili ni dada mmoja wa hapa tawini ambaye gari yake hupita njia ya vumbi kila siku. Yake ilikuwa jumlisha 4 bila kukanyaga na jumlisha 21 mlimani. Chujio lilikuwa limekunjika upande mmoja. Msukumo wa petroli ulipimwa ukawa mzuri. Sensa ikatolewa, waya wake una koti la rangi ya majivu. Huyo sensa yake ilikuwa na hatia kweli.

KUSAFISHA NA KUBADILI

Sensa iliyochafuka isitupwe kabla ya kusafishwa. Kuna dawa ya kopo iliyotengenezwa kwa kazi hii tu. Usitumie petroli, wala dawa ya kusafishia kabureta, wala pamba, wala mswaki, wala upepo wa kompresa. Waya ule ni mwembamba na hukatika upesi. Zima gari, chomoa soketi kwa kubana ulimi wake, usivute nyaya. Fungua skrubu mbili kwa bisibisi ya nyota, uitoe sensa moja kwa moja. Puliza dawa mara kumi hivi, uiache ikauke kabisa yenyewe kabla ya kuirudisha. Wakati huo huo safisha boksi na utie chujio zuri, kwa sababu ukirudisha sensa safi kwenye boksi la vumbi umefanya kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

Gari ya dada yule ilisafishwa, ikapona nusu tu. Gramu ziliendelea kuanguka ghafula mlimani. Hapo ndipo sensa nyingine iliponunuliwa, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu sote tuliziona hesabu.

Ukibadili, linganisha namba iliyoandikwa juu ya sensa ya zamani na ya mpya. Lazima zifanane, au muuzaji aonyeshe kwamba mpya ndiyo iliyochukua mahali pa ile. Umbo na soketi vyaweza kulingana na hesabu za ndani zikawa mbali. Tazama mshale unaoonyesha njia ya hewa. Hakikisha pete ya mpira ipo na haikukunjika. Kaza skrubu kwa kiasi, maana boksi ni plastiki. Kisha futa kodi na masahihisho ya zamani kwa kifaa, uendeshe gari nusu saa katika tambarare na mlima, ndipo usome tena. Masahihisho yakikaa kati ya toa 10 na jumlisha 10 katika hali zote, kazi imekwisha. Yasipokaa, kazi bado, hata kama taa ya injini imezimika.

KUNUNUA NA HAKI ZETU

Gari nyingi tununuazo zimetumika Japani kwanza. Sheria yetu huruhusu ziingie zikiwa na umri usiozidi miaka 8, kwa hiyo sensa yake hufika hapa ikiwa imekwisha kufanya kazi miaka mingi. Kwenye maduka kuna tatu: mpya ya kiwanda, iliyotolewa katika gari kuukuu, na bandia iliyoandikwa jina la kiwanda. Iliyotumika yenye namba sawa mara nyingi ni bora kuliko bandia mpya. Mkataze muuzaji kukupa bila kukubaliana kwa maandishi kwamba ikikataa utairudisha.

Na sheria iko upande wetu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Mwenye gereji anapaswa kukupa makadirio ya gharama, apate idhini yako, na akurudishie vifaa alivyovitoa. Kwa hiyo dai makadirio, dai risiti, na dai sensa yako ya zamani mkononi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na fundi akikuambia ni eaflo, muulize kwa adabu: "Fundi, masahihisho yalisomaje bila kukanyaga, na yalisomaje mlimani?" Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa hivyo. Naye ni mfanya kazi kama sisi, na ujuzi wake wastahili ujira. Tunachokataa ni kulipia kubahatisha.

PENDEKEZO

Bwana Mwenyekiti, naomba kutoa pendekezo moja. Tawi linunue mita moja ya umeme na kifaa kimoja cha kusomea kodi, viwekwe kwa katibu na kuandikwa katika kitabu, na kila mwanachama aazime kwa zamu. Bei ya vyote viwili, tukigawana, ni ndogo kwa kila mtu kuliko safari moja ya kwenda Nairobi, barabara ya Kirinyaga, kutafuta spea isiyotakiwa. Pili, kila anayepima aandike hesabu zake katika daftari la tawi: aina ya gari, gramu bila kukanyaga, gramu mlimani, na dawa iliyoponya. Kwa mwaka mmoja tutakuwa na kitabu chetu wenyewe cha hewa ya Gilgil, ambacho hakuna kiwanda cha ng'ambo kitakachotuandikia.

Mimi shule yangu ni ya misheni, darasa la nane basi. Mambo haya nimejifunza jioni, baada ya kuweka nyundo na mtaimbo. Kama mimi nimeweza, hakuna hapa atakayeshindwa. Mshahara tulioupigania kwa umoja tusiuache utoke mmoja mmoja kwa kutojua.

Nimekwisha. Mwenye swali na aulize, na mwenye gari inayokohoa ailete Jumamosi alasiri, bomba lake la mpira tulikunje pamoja.